Kompyuta ya Shaba Iliyokwenda Pangani

Kiwalani, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Kwa Shangazi Mwanaasha,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta kibarazani, chai ya tangawizi mkononi na magoti yamekupa ruhusa ya kukaa. Sie huku tu wazima. Ndege zinapita juu ya bati kama kawaida, nasi tunanyamaza zipite ndipo tuendelee na maneno. Baba Mkubwa Marijani nilikwenda kumwona Ukonga Ijumaa. Mgongo umetulia na anakuulizia. Mkweo Mudathir yuko Dodoma, kapata kazi ya ujenzi. Anakusalimia sana.

Najua jirani zako hushangaa, Najma ni fundi simu huko Sinza na bado anaandika kwa kalamu. Waambie ni wewe uliyenizoesha hivi tangu niko bweni. Ulisema simu ni ya kuombea chumvi na kutangazia msiba. Mengine yote yaandikwe.

Sasa lililonifanya nikae chini. Mudathir aliacha laptopu yake ya zamani. Kioo kimeachana na bawaba, na vibonye vingi vimekufa, lakini ukiiwasha inaamka vizuri tu. Ni kama mtu mwenye akili timamu asiye na mikono wala shingo. Nilitaka kuivunja niuze vipuri. Halafu nikaona kwenye mtandao watu wa mbali wanaozichukua kompyuta kama hii na kuzivika shaba, mbao, geji na magurudumu, mpaka zinaonekana zimetoka karakana ya garimoshi. Mtindo huo wanauita stimpanki. Wanajiuliza: kompyuta zingezaliwa zama za mvuke, zingekuwaje? Tangu siku hiyo nawaza hilo tu.

Unamkumbuka mzee Najmuddin, aliyekuwa akirekebisha taipureta za ofisini kwenu? Amefariki, ila duka lake la vipuri vya cherehani Kinondoni analo mwanawe Sajid. Kanipa taipureta iliyopasuka fremu. Kaniambia, "Chukua, dada. Hii haitaandika tena, lakini meno yake yote yapo." Nimeng'oa vile vibonye vya duara, vyenye pete, nimeviosha kwa ndimu. Viko dirishani vinakauka.

Niambie Shangazi, ulipokuwa ukipiga chapa ofisi za reli, kidole kilijuaje kimefika?

Mwanao,
Najma


Pangani
25 Februari 2024

Mwanangu Najma,

Marahaba, na nyingine uweke akiba. Mie mzima. Huku joto limekaa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Nimepata mpangaji chumba cha uani, Mwalimu Lusungu, mama wa makamo kutoka Njombe. Kila akitoka nje anauliza kama hili jua ni la kawaida. Ana adabu na hapigi redio. Nazi mwaka huu zimezaa. Msalimie mumeo.

Umeniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kidole hakiangalii, Najma. Tulipokuwa tunajifunza, mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa cheusi, tukawa tunapiga huku tunatazama ukutani. Wiki za mwanzo wengine walilia. Siri ni kwamba kila kidole kina kwao. Cha shahada cha kushoto kwao ni F, cha kulia kwao ni J. Kinatoka, kinakwenda kazini, kinarudi kwao. Ukipotea huendi mbele kutafuta. Unarudi kwenu, unaanza upya.

Baada ya hapo nilikuwa napiga barua za wakubwa na huku nawaza mengine kabisa. Nilipika, nilisafiri, nilijenga nyumba hii niliyomo, yote nikiwa nimekaa mbele ya ile mashine. Wao walidhani nafikiria mabehewa.

Shaba ni nzuri, ila huchafuka kwa chumvi ya jasho. Usiipake rangi. Iache izeeke.

Mistari yangu inapanda kama ngazi, usijali. Meza imelegea mguu mmoja.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Kiwalani
21 Aprili 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Idi imepita ukiwa mbali lakini biriani nililipika kwa mkono wako, na Baba Mkubwa alikula akanyamaza, jambo ambalo maana yake unaijua. Mvua hii imetunyoosha. Maji yaliingia mpaka kizingitini. Nilipandisha kila kitu juu ya kitanda, nami nikapanda, nikakaa na ile kompyuta mapajani kama nimepakata mtoto. Tu wazima.

Imeanza kupata sura. Sanduku nimelichonga mwenyewe kwa mninga wa mlango uliovunjwa. Kioo kimesimama juu ya miguu miwili ya shaba ya manjano. Gurudumu la cherehani liko ubavuni. Ukilizungusha sauti inapanda na kushuka. Mafundi wa friji wamenipa kibomba cha shaba nyekundu, nimekipitisha nyuma ili hewa ya moto ya feni itokee humo. Ukiweka mkono unahisi inapumua. Na geji, Shangazi. Ni geji ya presha kutoka kompresa iliyokufa. Nimeitoa utumbo wake wote, sasa sindano inaonyesha chaji ya betri. Chaji ikipungua, sindano inarudi chini polepole kama mtu anayesinzia.

Juzi niliota nimepanda treni isiyo na reli. Ilikuwa inakwenda juu ya maji ya mafuriko bila kutikisika, na mabehewa yote yalikuwa matupu, ila katika kila behewa nilimsikia mtu anapiga chapa katika behewa linalofuata. Sikumfikia. Nilipoamka, vibonye vilikuwa vimetawanyika shukani.

Nina swali na usinikasirikie. Ukurasa wako wa pili, chini, umeandika juu ya maneno ambayo ulikuwa umeshayaandika. Mstari juu ya mstari. Nimeugeuza kwenye taa siwezi kuusoma. Ni meza gani hiyo?

Najma


Pangani
19 Mei 2024

Kwa Bi. Najma,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako ambaye ni mzima wa afya. Barua hii naandika mimi, Mwalimu Lusungu, kwa maelekezo yake, kwa kuwa anasema mkono unamuuma.

Anasema barua yako ameipata na nimemsomea yote. Anasema amefurahi kusikia maji hayakuharibu vitu. Ndizi zimekatwa. Jirani amemwoza binti yake na karamu ilikuwa nzuri.

Kuhusu mkono, anasema ni baridi ya mifupa na utapona. Nilimkumbusha kwamba swali lako lilihusu meza. Anasema meza imetengenezwa.

Kuhusu ile treni ya ndotoni, anasema niandike kwamba... Hapa amenyamaza kwa muda mrefu. Nilimngoja. Kisha akasema niandike kwamba jua ni kali.

Nimeandika kama alivyosema, kwa sababu nikibadilisha nitakuwa simtendei haki.

Ni mimi kwa niaba yake,
Lusungu


Kiwalani
9 Juni 2024

Shangazi mpenzi, na Mwalimu Lusungu unayemsomea,

Shikamooni nyote wawili. Mwalimu, asante. Umeandika vizuri, hata pale palipokuwa hapana neno.

Shangazi, sie wazima. Baba Mkubwa anasema atakuja huko kuzungumza nawe kuhusu makazi. Sijui zaidi. Sinza wateja wapo.

Mashine nimeibadilisha. Nimeondoa kioo cha geji, sindano iko wazi, unaweza kuigusa kwa ncha ya kidole ukajua imefika wapi. Vile vibonye vya taipureta nimevipanga mahali pa vilivyokufa, na juu ya F na J nimelehemu vitone vidogo vya risasi. Na nimeifundisha kusema. Ukigonga herufi inaitaja, ukimaliza sentensi inakusomea. Kiswahili chake ni cha mtu aliyelelewa na mabomba, lakini maneno yote yanaeleweka. Ile kengele ya taipureta pia nimeirudisha: ukivuta mkono wake, barua yako inaingia kwenye flashi na kengele inalia, ujue imehifadhiwa.

Sisemi kwa nini nimebadilisha.

Yapo mengine upande wangu, Shangazi, ila yatangoja. Nitakuja Maulidi.

Najma


Pangani
14 Julai 2024

Kwa Bi. Najma,

Shangazi yako anaitikia salamu. Ni mzima. Ameniambia niandike kwa ufupi.

Anasema usije na mashine. Anasema yeye si mtu wa kuletewa vitu vya kuchezea, na nyumba haina nafasi. Kaka yake, Bwana Marijani, alifika. Anataka shangazi yako ahamie Ukonga, chumba kipo tayari, na nyumba hii ipangishwe au iuzwe. Shangazi yako hajakubali.

Anasema njoo wewe tu.

Lusungu


pangani
29 septemba 2024

fff jjj fff jjj
najma najma najma

Nimeipata herufi kubwa. Iko palepale ilipokuwa zamani, chini kushoto, chini ya kidole cha mwisho. Miaka yote hii ilikuwa inaningoja.

Marahaba, mwanangu. Ni mie mwenyewe. Mwalimu Lusungu yuko shuleni, mlango nimeufunga, na kuku wamenyamaza. Hali yangu nitakwambia hapo chini. Makosa uyasamehe, mashine inanitajia kila herufi lakini vidole vina haraka ya vijana.

Uliniletea kitu nilichokukataza kuleta, ukakiweka mezani bila kusema neno. Nilisikia unafungua sanduku. Nikakaza uso. Ukaja nyuma yangu, ukashika mikono yangu yote miwili, ukaiweka pale. Vile vitone. Najma, mie nilikuwa nimeshajiandaa kukaripia. Kidole cha shahada kikagusa kwao na chenzake kikagusa kwao, na vingine vinane vikajipanga vyenyewe bila kuambiwa, kama watoto wanaomsikia mama yao mlangoni. Nikaona ofisi yote. Nikaona mpaka mapazia. Wewe ulikuwa unalia nyuma yangu ukidhani sikusikii.

Siku zote tatu hatukulisema. Acha nilisemee hapa.

Daktari wa Tanga aliniambia tangu mwaka jana, ni presha ya macho. Iliyokwisha kwenda hairudi. Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila mwezi kuna anayeweka nta kidogo pembeni ya tundu. Uso wako niliuona kipande kipande: kwanza jicho, kisha ule mdomo wa marehemu baba yako. Nilikuficha kwa sababu nilijua nikisema tu nitahamishwa, na atakayenihamisha atakuwa ananipenda, na mtu anayekupenda humwezi.

Lakini kutakiwa kuhama hakukuniuma kama lile la kuandikiwa. Mwalimu ni mtu mwema, hajawahi kuniongezea neno. Ila kuna maneno hayakubali kupita kwenye mdomo wa mtu wa tatu. Yanafika kooni, yanamwona mgeni, yanarudi. Ile ndoto yako ya treni nilikuwa na la kusema. Nikasema jua ni kali.

Nililotaka kusema ni hili: na mie naiota treni hiyo. Anayepiga chapa ni mie. Nakusikia unakuja, lakini sitoki, maana nikisimama kazi itanipotea.

Sasa wewe. Barua yako ya Januari Mudathir alinisalimia sana. Ya Aprili hakunisalimia, wala ya Juni. Ulipokuja ulikuwa na simu mbili na hakuna iliyoita jioni. Mke hasahau salamu za mumewe, mwanangu. Huziacha.

Flashi naitia kwenye bahasha, Mwalimu ataipeleka kwa watu wa basi. Anaweza kuibeba. Hawezi kuisoma. Nawe nijibu humo humo, mashine itanisomea. Ile sauti yako ya mabomba haina huruma wala haina jirani wa kwenda kumsimulia.

Niandikie kweli. Humu hamna mtu mwingine.

Mwanaasha


Kiwalani
13 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sie wazima. Hapana; mie mzima. Hiyo "sie" nimekuwa nikiiandika mwaka mzima na hapa nyumbani tuko mie na paka.

Mudathir hakwenda kikazi tu. Alinipigia Januari, siku chache kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza, akasema nisimsubiri. Kuna mwanamke Dodoma, na mwanamke huyo ni mjamzito. Alisema kwa upole, kama mtu anayekueleza njia. Nikakata simu, nikaanza kutafuta bisibisi. Zile salamu nilizitunga mie. Nilifikiri nikiziandika zitakuwa kweli mahali fulani, walau Pangani.

Ile laptopu niliifungua usiku huo nikitaka kuiharibu. Nilitoa parafujo zote. Ndani kulikuwa na vumbi la chumba chetu, Shangazi, na unywele wangu mmoja mrefu umejizungusha kwenye feni. Sikuweza tena kuivunja.

Mwezi wa saba alikuja kuichukua. Hukujua hilo. Barua yako ya kunikataza kuleta mashine ilikuwa imefika wiki hiyohiyo, kwa hiyo nilikuwa na watu wawili wasioitaka, mmoja kwa namna yake. Alikaa kwenye kiti chake kilekile.

"Kompyuta yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha mezani. Akainuka, akaizunguka kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye kundi la wageni.

"Umeiua," akasema.

"Ilikuwa imekufa. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Picha zangu je? Na kazi zangu?"

Nilikuwa nimeshazitoa. Nikampa flashi. Akaitia mfukoni lakini hakuondoka. Akanyoosha kidole, akagonga kibonye kimoja. Mashine ikasema, "Em." Akacheka, Shangazi. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuanguka nyuma, nami nikacheka. Ndege ikapita, tukanyamaza pamoja tukiingoja ipite, kama tulivyokuwaga. Kwa kitambo hicho kidogo chumba kilikuwa chetu na hakuna kilichowahi kutokea.

Ilipokwisha kupita akaniuliza, "Na nikirudi?"

Nilitazama geji. Sindano ilikuwa inashuka, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa ndiyo. Kisha nikaona yule mtoto wa Dodoma, ambaye hajazaliwa, amekaa kwenye behewa moja katika yale matupu.

"Nenda kaangalie mwanao anazaliwa," nikamwambia.

Alifika mlangoni. Akauliza mashine ile nimemtengenezea nani. Nikamwambia, mtu mmoja asiyeitaka. Akaenda.

Nililala mchana kutwa. Sikuota kitu.

Sijui kama nilifanya vema. Wapo wanaosema ningemshika. Baba Mkubwa sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza, na nimekwambia kupitia mabomba.

Najma


Pangani
10 Novemba 2024

Mwanangu Najma,

Marahaba. Huku mvua za vuli zimeanza na kisima kimejaa. Mwalimu Lusungu amehamishiwa madarasa ya juu, ana furaha. Nazi mbili zimeangukia banda la kuku, hakuna aliyeumia.

Barua yako nimeisikiliza mara nyingi. Mara ya kwanza nilizungusha gurudumu sauti iwe chini kabisa, nikaweka sikio kwenye mbao, kama unavyomsikiliza mtoto tumboni. Sitakwambia kama ulifanya vema. Nakwambia tu kwamba nilipofika pale mlipocheka, mie nililia, na nilipofika pale ulipomwambia aende, niliisimamisha mashine nikaenda kusimama uani. Ulimfikiria mtoto wa mwenzio ukiwa unataka la kwako. Huo si ujinga. Imeniuma, lakini si ujinga. Baba Mkubwa wako usimwambie mpaka utakapotaka. Akikulazimisha mlete kwangu.

Naye alikuja, ndiyo habari yangu kubwa. Alikuja Jumapili na karatasi ya nyumba, imeshaandikwa vizuri kabisa, kwamba nimekubali kuhama na yeye aisimamie. Hakuja kwa ubaya. Alinishika bega, akasema, "Dada, hakuna haja ya kusaini, najua huoni. Nimekuja na wino. Weka dole gumba tu hapo, mimi nitakushika mkono."

Nikamwuliza imeandikwaje. Akanisomea. Maneno yalikuwa mazuri, hayakuwa yangu hata moja.

Nikamwambia angoje. Nikavuta kiti. Nikapapasa geji, sindano ilikuwa juu. Nikaandika mbele yake, nikimpa mgongo, bila haraka. Niliandika kwamba mimi Mwanaasha nitakaa katika nyumba niliyoijenga kwa vidole hivi. Kwamba mpangaji wangu anatosha kwa usiku. Kwamba kaka yangu anakaribishwa kila mwezi na hataulizwa anaondoka lini. Na kwamba siku nikitaka kuhama nitamwandikia mwenyewe. Mashine ikamsomea. Sijui uso wake ulikuwaje. Nilisikia kofia inavuliwa.

Kisha akasema taratibu, "Sikujua bado unaweza."

"Hukuuliza."

"Basi hata hii karatasi, dada, weka dole gumba tuwe nayo tu."

Nikamwambia haiwezekani, Marijani. Dole gumba langu lina kazi yake. Ndilo linalopiga nafasi. Bila hilo maneno yangu yote yangeshikana, hakuna ambaye angejua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Shangazi yako,
Mwanaasha